*DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Yusuf Aliuzwa, Lakini Hakujiuza*



Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, mama zangu na vijana wangu. Alhamdulillah, tumeamka tena tukiwa na swaumu zetu. Mwenyezi Mungu azipokee, na awaponye wagonjwa wetu wanaotamani kufunga na hawawezi.

Jana usiku kwenye Tarawehe tumemaliza juzuu ya 12. Waliokuwepo wameona kuwa hafidh wetu alisimama katikati ya Surat Yusuf, kwenye aya ya 52. Baada ya swala mzee mmoja akaniuliza, "Ustadhi, mbona tumekatishwa hadithi patamu?" Nikamwambia usiku wa leo in sha Allah tunaendelea na juzuu ya 13. Lakini nilipofika nyumbani nikaifikiria ile aya tuliyoishia. Inazungumzia mtu kutomfanyia mwenzake khiyana wakati mwenzake hayupo. Wafasiri wamekhitilafiana, wengine wanasema msemaji ni Nabii Yusuf (a.s.), wengine wanasema ni mke wa Azizi. Vyovyote iwavyo, maana yake inatuhusu sote: wewe ni nani pale ambapo mwenye mali hayupo?

Darsa ya leo ni hiyo. Nitaanza na kijana mmoja wa hapa hapa msikitini. Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake nimelihifadhi.

*1. "Mimi si kitu, Ustadhi"*

Usiku wa tatu wa Ramadhani, watu wameshatoka, huyu kijana akabaki amekaa karibu na nguzo. Nikamfuata. Akasema, "Ustadhi, mimi nafunga, lakini sijui kama nina swaumu."

Anafanya kazi duka la nafaka. Yeye ndiye anayepima. Mizani ya pale imechezewa, kilo ya dukani haifiki kilo. Tajiri wake alimwonyesha siku ya kwanza tu alipoanza kazi, akamwambia, "Ukitaka kufanya biashara ya kisafi, nenda ukauze maji ya kunywa." Sasa mwezi huu watu wananunua kunde, mchele, ngano na sukari kuliko miezi yote. Kina mama wanakuja na hela waliyoihesabu. Yeye anapima, anafunga mfuko, anasema karibu tena.

Nikamuuliza, umewahi kumwambia tajiri wako kuwa hili hulitaki? Akanijibu kwa sauti ya chini: "Mimi ni nani hata nimwambie? Sina cheti, sina baba, kodi ya chumba inaisha mwezi huu. Mimi si kitu, Ustadhi."

Jamani, lile neno lilinichoma kuliko habari ya mizani. Maana nimelisikia mara nyingi, kwa vijana, kwa wanawake walioachwa, kwa wazee waliostaafu, na hata kwa wenye vyeo vyao. Nimegundua kitu kimoja: mtu akishajiona hana thamani, kumnunua ni rahisi sana. Anayejiona si kitu haoni cha kulinda ndani yake. Ndiyo maana kujua thamani yako na kuwa mwaminifu ni mambo yanayotembea pamoja. La kwanza likianguka, la pili haliendi mbali.

*2. Bei ya dirham chache*

Sasa turudi kwa Yusuf (a.s.).

Ndugu zake wenyewe, watoto wa baba mmoja, walimtupa kisimani. Msafara ukamwokota, ukamfanya bidhaa. Qur'ani inatueleza katika aya ya 20 kwamba aliuzwa kwa thamani duni, dirham za kuhesabika, na waliomuuza hawakuwa na haja naye kabisa.

Hebu fikiri. Nabii, mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii, kitukuu cha Nabii Ibrahim (a.s.). Kwenye soko la watu, bei yake ni vijisenti. Je, soko lilikuwa sahihi? Soko lilisema bei. Thamani yake ilikuwa kwa Aliyemuumba, na Mola wake hakushauriana na wale wachuuzi.

Ndugu yangu, na wewe kuna watu walikupangia bei. Labda mwalimu aliyekuambia hutafika popote. Labda mume aliyekuita mzigo mbele ya watoto. Labda ndugu wanaokupigia simu wakiwa na shida tu. Usiichukue bei yao ukaibandika kifuani kwako. Katika Suratul Israa aya ya 70, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa amewatukuza wanadamu. Hakusema matajiri. Hakusema wasomi. Wanadamu, na wewe ni mmoja wao.

Katika zama za Mtume wetu (s.a.w.) kulikuwa na mtu wa shamba anaitwa Zahir (r.a.). Hakuwa na sura ya kuvutia, lakini Mtume alikuwa akimpenda. Siku moja alikuwa sokoni anauza vitu vyake, Mtume akamkumbatia kwa nyuma, akafanya mzaha kuuliza nani atamnunua. Zahir akajibu kwamba ukimuuza utamkuta ni wa bei rahisi. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si rahisi, bali ni ghali. Angalieni adabu hiyo. Mtu amejishusha mwenyewe kwa mzaha, na Mtume hakuliacha neno lile lipite bila kulisahihisha.

Nilimsimulia yule kijana kisa hiki. Akainamisha kichwa muda mrefu.

*3. Mlango umefungwa, hakuna anayeona*

Yusuf akakua ndani ya nyumba ya Azizi wa Misri. Tunalijua tukio. Bibi mwenye nyumba akafunga milango, akamwita. Yeye ni kijana, ni mgeni, hana mzazi, ni mtumwa. Anayemtaka ni mwenye amri juu yake. Akikubali, maisha yanakuwa rahisi. Akikataa, ana hatari ya kupoteza kila kitu.

Aya ya 23 inatuonyesha alivyojibu. Kwanza akajikinga kwa Mwenyezi Mungu. Kisha akakumbuka wema wa aliyemweka vizuri nyumbani mwake. Wafasiri wengi wanasema alimkusudia Azizi, wengine wanasema alimkusudia Mola wake. Halafu akakumbuka kuwa madhalimu hawafaulu. Mimi kama mwalimu napenda kuwaonyesha wanafunzi mpangilio huo: Mungu wangu, wema niliotendewa, na mwisho wa jambo lenyewe. Mambo matatu hayo ukiyakumbuka kwa haraka, yanakusimamisha.

Na msidhani Yusuf alijitegemea ubavu wake. Katika aya ya 33 aliomba. Alisema gerezani ni bora kwake kuliko anayoitiwa, na akakiri kuwa Mola wake asipomwepusha na vitimbi vyao angeweza kuelemea kwao. Nabii anakiri udhaifu! Hapa ndipo tunapotofautisha izza na kibri. Mwenye kibri anasema, "Mimi siwezi kuanguka." Mwenye izza anasema, "Naweza kuanguka, ewe Mola nishike." Mtume (s.a.w.) ametufafanulia kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kujiheshimu hakumfanyi mtu kuwa na kibri, maadamu anaikubali haki na hamdharau mtu.

*4. Kutoka gerezani bila haraka*

Yusuf akafungwa miaka kadhaa, bila kosa. Kisha mfalme akaota ndoto, Yusuf akaifasiri, na mfalme akaamuru aletwe. Mjumbe yuko mlangoni. Ndugu zangu, mfungwa gani asingekimbia?

Yusuf akamrudisha mjumbe. Akasema arudi kwa bwana wake amuulize habari za wale wanawake waliokata mikono yao. Yaani alitaka jina lake lisafishwe kwanza. Mtume wetu (s.a.w.) alilitaja jambo hili kwa kulistaajabia, akasema kuwa lau yeye angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf, angemwitikia mjumbe. Huo ni unyenyekevu wa Mtume wetu na sifa kubwa kwa Yusuf.

Kwa nini alisubiri? Kwa sababu angetoka kwa msamaha wa mfalme tu, watu wangesema amesamehewa kosa lake. Hakutaka uhuru wenye doa la uongo. Wanawake wakaulizwa, wakashuhudia kuwa hawakujua ubaya wowote kwake. Na mke wa Azizi mwenyewe akakiri. Hapo ndipo juzuu ya 12 inapoishia.

Usiku huu mtasikia kinachofuata. Mfalme anamwambia kuwa kuanzia leo yeye ni mwenye cheo na ni mwaminifu kwao. Yusuf anaomba asimamie maghala ya nchi, na anataja sifa zake mbili: ni mlinzi mzuri na ni mjuzi. Hakujitweza akasema "mimi si kitu". Alitaja alichonacho kwa sababu kulikuwa na njaa inakuja na watu wa kuokoa. Kuna wakati unyenyekevu wa uongo unawanyima watu faida yako.

*5. Neno moja, mahali pawili*

Nataka leo mkae na jambo hili. Fungueni msahafu aya ya 36. Wafungwa wawili wanamwambia Yusuf kuwa wanamwona ni katika watu wema, *minal muhsiniin*. Hapo amevaa nguo za gerezani. Sasa nendeni aya ya 78. Miaka imepita, Yusuf ni mkubwa wa maghala, ndugu zake wamesimama mbele yake hawamtambui, wanamwomba. Wanamwambia kuwa wanamwona ni katika watu wema, *minal muhsiniin*. Neno lile lile!

Gerezani muhsin, ikulu muhsin. Cheo kimebadilika, nguo zimebadilika, mtu ni yule yule. Hii ndiyo nguvu ya ndani tunayoitafuta. Nguvu yake haikutoka kwenye kiti, ndiyo maana aliponyimwa kiti haikupungua, na alipopewa kiti haikumlevya. Na waliomtupa kisimani walipoanguka mikononi mwake, aliwaambia hakuna lawama juu yao siku hiyo. Ni mwenye nguvu tu anayeweza kusema hivyo akiwa na uwezo wa kulipiza.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ni hivyo hivyo. Maquraishi walimpinga, walimwita mchawi, walipanga kumuua, lakini amana zao waliziweka kwake. Usiku wa Hijra alimwacha Ali (r.a.) nyuma Makka ili awarudishie watu amana zao. Wale wale! Uaminifu wake haukutegemea tabia za watu.

*6. Aibu yangu mwenyewe*

Sasa msije mkadhani ninayewaandikia haya ni malaika. Mwaka wangu wa pili wa ualimu tuliitwa kwenye semina ya siku tano. Mimi nilihudhuria siku mbili, nikapata msiba, nikaondoka. Siku ya malipo ikapita karatasi ya mahudhurio. Kila mtu anasaini siku zote. Aliyekaa jirani yangu akaniambia, "Saini bwana, hela zimeshatoka hizo." Nikasaini siku tano. Posho nikaweka mfukoni.

Wiki ile ile nilikuwa na somo la amana darasani. Ndugu zangu, nilisimama mbele ya watoto wa miaka kumi na ulimi ukawa mzito. Mtoto mmoja akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, na mtu mzima akichukua kidogo tu?" Mtoto hakuwa anajua lolote. Nikasema, "Fungueni madaftari muandike." Nikawageuzia mgongo nikaanza kuandika ubaoni.

Hakuna aliyenishtaki. Hakuna aliyejua. Lakini kuna kitu kilipungua ndani yangu, nikawa naogopa hata maswali ya watoto. Hapo nikafahamu khiyana inachukua nini kwa mtu. Unapata elfu kadhaa, unapoteza uso wa kumtazama mtoto.

Wanazuoni wametufundisha kuwa toba ina masharti: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kuirudisha. Ilinichukua miezi miwili kufanya hilo la mwisho. Nilimfuata mhusika, akacheka, akasema hesabu zimeshafungwa, nisiwasumbue. Nikasisitiza. Mwisho akanielekeza niziingize kwenye mfuko wa shule, nikapewa risiti. Siku hiyo nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani kwa kuwa mfukoni sikubakiwa na nauli. Wallahi sikuwahi kutembea mwepesi kama siku ile.

*7. Maji mdomoni saa kumi*

Kuna anayesema, "Ustadhi, hayo ni ya Manabii. Sisi wa kawaida nguvu hiyo hatuna."

Mimi nasema mnayo, na nina ushahidi. Saa kumi alasiri, jua limewaka, koo limekauka. Unatia udhu. Unajaza maji mdomoni, ya baridi. Mtu hayupo. Ungemeza funda moja tu, nani angejua? Mkeo hajui, imamu hajui, mimi sijui. Na unatema! Unafanya hivyo kila siku, mwezi mzima, na mtoto wako wa miaka kumi na mbili anafanya hivyo pia.

Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Mwenyezi Mungu hakuiweka kwa ajili ya maji peke yake. Sasa wewe unayetema maji ya halali, maji yako mwenyewe, kwa sababu Mola wako anaona, ukiniambia huwezi kuacha shilingi ya haramu ya mwenzio, nikuamini vipi? Swaumu inatufundisha kwamba tunaweza. Baada ya hapo kilichobaki ni kuamua.

*8. Yule kijana*

Najua mnauliza ilikuwaje. Sikumwambia aache kazi usiku ule ule. Ni rahisi mimi mwenye mshahara kumwambia mwenye njaa aache kazi. Lakini pia sikumwambia kuwa hana dhambi kwa kuwa ametumwa, maana hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Nilimwambia mambo matatu: atafute kazi nyingine kuanzia kesho, azungumze na tajiri wake faraghani kwa adabu, na ajue kuwa yeye ni kitu.

Alizungumza naye siku ya sita. Tajiri alikasirika, akakaa kimya siku mbili. Kisha akamtoa kwenye mizani, akamweka kubeba magunia. Malipo yamepungua. Mizani, nasikitika kusema, bado iko vile vile, na sasa anapima mwingine. Kodi ya chumba bado haijatimia. Kwa hiyo sikuleteeni hadithi yenye mwisho mtamu. Juzi baada ya futari nilimuuliza hali yake akasema, "Mgongo unauma, Ustadhi. Lakini nalala."

Mwenye nafasi ya kazi ya halali, hata ya muda, aje anione baada ya Alasiri. Na wenye maduka mnaosoma hapa, sina la kuongeza. Kila mtu anaijua mizani yake.

*Kazi ya leo*

Kabla ya Maghribi, kaa peke yako dakika kumi ujibu maswali haya moyoni:

1. Nani alinipangia bei ya chini nikaikubali? Ukimpata, mwombee dua, kisha iache bei yake hapo hapo.

2. Kuna haki ya mtu iliyoko kwangu, hata iwe ndogo? Deni, kitabu, chenji, jina la mtu nililolichafua? Anza kuirudisha leo, hata kwa ujumbe mmoja wa simu.

3. Watu wa nyumbani kwangu na watu wa kazini kwangu wakikutanishwa, watamsimulia mtu mmoja au wawili?

Hilo la tatu limenifanya mimi mwenyewe nikae kimya muda mrefu baada ya daku.

*Dua*

Ewe Mola wetu, umetutukuza, basi usituache tujidhalilishe kwa kuuza utu wetu. Tupe riziki ya halali ituenee, tusinyooshe mkono kwenye cha mwenzetu. Tufanye siri zetu ziwe nzuri kuliko dhahiri zetu. Mfungulie ndugu yetu huyu mlango wa heri, na kila aliye kama yeye. Mzindue kila mwenye kupunja kabla siku ya kupimiwa haijamfika. Amin.

Usiku wa leo fikeni mapema, tunamalizia Surat Yusuf. Kina mama, sehemu yenu imeongezwa mikeka. Kesho in sha Allah tutazungumzia subira ya Nabii Yaaqub (a.s.), baba aliyelia mpaka macho yakapofuka na hakukata tamaa.

Mtumie na jirani yako darsa hii, hasa aliyeanza kujiona si kitu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.